Zamu Isiyopokelewa

Jambo la mwisho la kawaida lililonipata jioni ile lilikuwa kalamu isiyoandika.

Mlinzi wa lango la kiwanda alinisukumia daftari la wageni na kalamu. Niliandika, hakikutokea kitu. Akaichukua, akaipulizia, akaisugua kwenye kiganja, akanirudishia.

"Ibembeleze kidogo," alisema. "Hii inaogopa wasomi."

Watu walimwita Meja, ingawa alinieleza mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba hajawahi kuwa mwanajeshi hata siku moja. Ni kofia tu. Kalamu ilipokubali niliandika jina langu, saa kumi na moja na dakika ishirini, na penye sababu ya kuingia nikaandika: kutafuta kumbukumbu za mfanyakazi. Meja alisoma juu ya bega langu.

"Kumbukumbu? Humu wamebaki popo na kutu, mzee wangu. Kiwanda kimefungwa tangu mimi nanyoa ndevu za kwanza."

"Nimeambiwa kuna karani."

"Ah. Bi Zamu." Tabasamu lilimtoka usoni. "Yupo. Yeye siku zote yupo. Pita uani, mlango wa tatu. Ukimaliza, rudi njia hiyohiyo. Usikate kupitia ukumbini."

"Kwa nini?"

"Sakafu mbovu," alisema, akaanza kutafuta mfukoni kitu ambacho nadhani hakikuwamo.

Nieleze kwa ufupi kilichonifikisha pale. Mke wangu alifariki miezi minane kabla ya siku hiyo kwa ugonjwa wa kifua. Alikuwa mwalimu wa hesabu. Hakuwahi kufanya kazi ya kiwandani, hakuvuta sigara, hakupikia kuni. Wiki zake za mwisho alikuwa akikohoa kitu cheupe kwenye leso. Mimi ni mpima ardhi, nimesomea chuo kikuu, na nimezoea kuamini kile ninachoweza kukipima mara mbili. Kitu kile nilikitia kwenye chupa, nikakipeleka maabara. Fundi wa maabara alinitazama kwa huruma.

"Mzee, hii ni pamba. Haijatoka kwenye mto kweli?"

Nilirudi nikaukagua mto. Ulikuwa wa sponji.

Mama yake mzazi, yaani mama mkwe wangu, alikuwa amekufa vivyo hivyo miaka kumi na tisa nyuma. Na sasa binti yetu, mtoto wetu wa pekee, alikuwa anaingia mwezi wa tano akikohoa. Wiki moja kabla ya safari alinifungulia kiganja. Kilikuwa na uzi mweupe, mwembamba, mrefu kama kidole changu cha kati.

"Baba," alisema, "nimeuvuta kooni."

Alisema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Daktari alituuliza nani mwingine katika ukoo, upande wa mama, aliugua hivi, na alifanya kazi gani. Ni swali la kawaida la daktari, lakini jibu hatukuwa nalo. Wa juu kabisa tuliyemsikia ni bibi yake mke wangu, mzaa mama, aliyekuwa mfumaji katika kiwanda hiki. Habari zake zilizokuwa zikisemwa nyumbani zilikuwa moja tu, nazo kwa kunong'ona: alitoroka na dereva wa lori, akaacha watoto.

Mke wangu hakuziamini. Katika ugonjwa wake aliniomba mara tatu nimlete huku atafute ukweli. Mara tatu nilikataa, kwa sababu nzuri. Umbali. Vumbi. Mapafu yake. Sababu hizo nimekuwa nikizikagua tangu mazishi, na kila nikizikagua naziona bado ni nzuri.

Kwa hiyo nilikuja mwenyewe, nimechoka, kutafuta mstari mmoja wa kumpelekea daktari ili mtoto wangu apone. Sikuja kwa kingine.

Chumba cha tatu kilikuwa na meza, kabati la chuma, na ukuta mzima wa visanduku vidogo vya mbao vya kuwekea kadi za wafanyakazi. Nyuma ya meza alikaa mwanamke wa karibu miaka themanini, mkavu, miwani yake imefungwa kwa uzi kisogoni. Kulikuwa na harufu ya mafuta ya mashine, na ya uji wa wanga, ule wanaoupaka nyuzi ili zisikatike. Nilisimama mlangoni nikivuta pumzi. Kiwanda kilichofungwa miaka thelathini kinapaswa kunuka vumbi.

Harufu ile ilikuwa ya siku ileile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechelewa."

"Mimi na wewe hatukuahidiana, mama."

"Sijasema uliniahidi mimi. Keti."

Niliketi. Nilimtajia jina la yule bibi mfumaji. Hakufungua kabati wala kugusa kisanduku.

"Mashine ya arobaini na moja," alisema. "Wewe ni nani kwake?"

"Nimemwoa mjukuu wake." Nikajisahihisha. "Nilimwoa."

"Pole, mkwe wetu." Alisema kama mtu anayetoa rambirambi ya pili. "Ufumaji unaujua?"

"Hapana."

"Basi sikiliza vizuri nisirudie. Pumzi nilizonazo ni za kuazima."

Alinieleza kwamba mashine za kiwandani hazikuzimwa kati ya zamu na zamu. Anayetoka hakuruhusiwa kubandua mkono mpaka anayeingia apokee, na kupokea hakukuwa kwa maneno. Kuna kipande cha mbao, kimechongoka pande zote mbili, kinachobeba uzi kwenda na kurudi kati ya nyuzi zilizotandwa. Wafumaji walikiita panya, kwa jinsi kinavyokimbia. Ubavuni kina tundu dogo. Kila uzi ulipokwisha, mfumaji alitia mwingine, akaweka mdomo kwenye tundu na kunyonya mpaka ncha itokeze. Aliyeingia zamu alinyonya uzi wake wa kwanza mbele ya yule anayetoka, mdomo wake ukikaa pale ulipotoka mdomo wa mwenzake. Hapo ndipo karani aliandika: Amepokelewa.

"Na vumbi lote la pamba linaingia kifuani," nilisema.

"Linaingia."

Nilishusha pumzi. Nilikuwa nimepata mstari wangu wa daktari. Nilianza kufunga mkoba.

"Wasomi wote mnaridhikia hapo hapo," alisema Bi Zamu. "Haya, nieleze mimi nisiyesoma. Yeye alinyonya uzi. Mkeo je, alinyonya nini? Chaki?"

Mkono wangu ulibaki kwenye zipu ya mkoba. Katika siku zake za mwisho, akiwa usingizini, mke wangu alikuwa akikunja midomo na kuvuta, kuvuta, kama mtoto mchanga anayeota titi. Nilidhani ni kiu. Kila mara nilimpa maji kwa kijiko.

Sikuwa nimemwambia mtu jambo hilo.

Bi Zamu aliinuka kwa shida, akafungua kabati, akatoa kitabu kikubwa chenye jalada la kitambaa. Kabla hajakifungua alizungumza kwa sauti ya chini, macho yake yakiwa mlangoni.

"Ile ya arobaini na moja ndiyo iliyowashwa kwanza humu. Wenye kiwanda walileta mganga wa kuizindika. Watu wanasema alifukia kichwa cha mtu chini yake. Uongo mtupu. Nilikuwapo, binti mdogo wa kubeba madaftari. Hakufukia hata unyoya. Aliwapanga wafumaji, akawaapisha tu, wakasema: Hii haitaachwa bila kupokelewa. Asiyekuja kuipokea, itamfuata kwake."

"Na bibi akaiacha."

"Nani kakwambia?" Aligonga meza kwa ukucha. "Huyo hakuiacha hata dakika. Jioni ile anayepaswa kupokea alikuwa binti yake. Miaka kumi na saba, ana wiki tatu kazini. King'ora kikalia. Mama mtu amesimama na mashine, anaangalia mlango. Kikalia cha pili. Binti hajaja."

Alilaza kiganja juu ya jalada la kitabu.

"Aliyepanda lori, mkwe, ni mama mkwe wako."

Nilimkumbuka mama mkwe wangu, mwanamke aliyekuwa akiinuka mezani kila jina la mama yake lilipotajwa. Tulidhani ni hasira.

"Tulimwambia, zima uje, hicho ni chuma. Akasema, nikiiacha itamfuata mtoto. Akalala pale amesimama. Kesho yake pia. Siku ya tatu meneja akakata umeme. Siku ya nne tukafungua ukumbi..." Alivua miwani. "Viatu vyake vilikuwa chini, vimepangwa. Yeye hayupo. Na mashine inakwenda."

"Bila umeme."

"Bila umeme. Alidhani akibaki yeye, itatosha. Masikini, haikutosha. Zamu haimhesabu aliyebaki. Inamhesabu asiyekuja."

Alinigeuzia kitabu.

Nimesoma ramani na majedwali maisha yangu yote, na najua kusoma safu. Tarehe upande wa kushoto. Namba ya mashine. Kisha neno moja kwa mwandiko wa kalamu, limenyooka, halina papara.

Hajapokelewa. Hajapokelewa. Hajapokelewa.

Nilifunua kurasa. Nilipita mwaka kiwanda kilipofungwa, kitabu hakikujali. Hajapokelewa. Nikafika miaka kumi na tisa nyuma, na hapo pembeni pakaongezeka maneno: Ameitwa, mtoto. Siku mia na kumi mfululizo, ameitwa, ameitwa. Kisha: Hakuja. Tarehe hiyo niliijua. Tulimzika mama mkwe kesho yake.

Sikutaka kwenda mbele. Nilikwenda.

Ameitwa, mjukuu.

Niliisoma tarehe ya mwisho, Alhamisi moja, saa kumi alfajiri nilipokuwa nimeshika kijiko. Hakuja. Na siku iliyofuata, bila kuruka hata mstari:

Ameitwa, kitukuu.

Mistari hiyo iliendelea ukurasa baada ya ukurasa, mpaka siku ile niliyokuwa nimeketi pale.

"Haya nani anayaandika?" Sauti yangu ilikuwa ya adabu kupita kiasi.

"Huo mwandiko ni wangu."

"Nimeuliza nani anayaandika."

"Hata mimi nauliza," alisema. "Nikifika asubuhi nayakuta."

Nilimwambia kwamba namheshimu kama mama yangu, lakini kitabu hiki ni kazi ya mtu mgonjwa, na mimi nina mgonjwa wangu anayenitosha. Hakukasirika. Alisema, "Haya, baba. Kampe daktari jibu lake." Nilikuwa nimeshasimama simu ilipolia.

Alikuwa binti yangu.

"Baba, umefika salama?" Akakohoa. Kikohozi kilikuwa kirefu, mwishoni kina mkwaruzo, kama kitu kinachovutwa kupita penye tundu dogo. "Samahani. Nilipitiwa na usingizi mchana. Nimeota nanyonya kitu, sijui ni nini, na midomo inaniuma mpaka sasa. Halafu nahisi... utanicheka."

"Sikucheki."

"Nahisi nimechelewa mahali."

Nilimwambia anywe maji ya moto. Nilimwambia alale kwa ubavu. Alinikatiza.

"Baba, uko wapi hapo? Mbona kelele hivyo?"

Chumba kilikuwa kimya. Bi Zamu alikuwa amekaa bila kutikisika.

"Kelele gani?"

"Mashine," alisema mtoto wangu. "Nasikia mashine."

Akakohoa tena, na simu ikakatika.

Kisha nami nikaisikia.

Taka-taka... taka-taka... taka-taka...

Ilikuwa nyuma ya ukuta wa visanduku. Kadi zilizobaki humo zilikuwa zikitetemeka kidogo, zote kwa pamoja.

"Meja amesema sakafu ya ukumbi ni mbovu," nilisema, kwa sababu ilibidi niseme kitu.

"Sakafu ni nzima kabisa. Meja huwaambia hivyo watu aliowapenda."

"Mama, nikipokea mimi?"

Alinitazama kwa muda mrefu kwa macho yasiyo na miwani.

"Wewe si damu."

"Nauliza kama inawezekana."

"Haijawahi kujaribiwa. Mume gani angejaribu?" Halafu akaongeza, taratibu, "Mdomo wako na mdomo wa mjukuu wake ilikutana miaka mingapi?"

"Thelathini na moja."

Alinionyesha mlango.

Ukumbi ulikuwa na safu sita, kumi na mbili kila safu. Mashine zenyewe zilikwisha kuuzwa kama chuma chakavu, zimebaki alama za miguu yao sakafuni na boliti zilizokatwa. Mwanga wa mwisho wa jua ulishuka kutoka madirisha ya paani, mwekundu, na ndani yake vumbi jeupe lilikuwa likielea bila kutua. Sikuhitaji kuhesabu, lakini nilihesabu. Safu ya nne. Ya tano kutoka mlangoni.

Ile haikuuzwa.

Ilikuwa inakwenda. Mkanda wake wa ngozi ulining'inia, haukushikana na kitu chochote. Kitambaa cheupe kilitoka, kikajikunja, kikashuka kwenye nafasi ya giza chini ya mashine, wala sikuona kilikoishia.

Mbele yake alisimama mwanamke, amenipa mgongo. Hana viatu.

Taka-taka... taka-taka...

"Umechelewa, mwanangu," alinong'ona bila kugeuka. "Miguu inaniuma."

Nilisema kile ambacho mtu aliyelelewa vizuri husema.

"Shikamoo, bibi. Mimi si mwanao. Nimemwoa mjukuu wako."

Mabega yalisimama. Kisha yakaanza kutikisika, polepole, na nilichukua muda kuelewa kwamba anacheka.

"Basi wewe ni mume wangu," alinong'ona. "Mke mwenzangu yuko wapi? Mbona kakutuma peke yako?"

Ni utani wa mabibi wote. Nimetaniwa hivyo na mabibi wa watu wengine mara nyingi, nikacheka. Safari hii sikucheka.

"Amefariki, bibi."

Panya alikwenda. Panya akarudi.

"Nilimwita."

"Najua."

"Alikuwa anataka kuja. Nilimsikia anataka. Kulikuwa na mtu amemshika."

"Ni mimi," nilisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti. Nilikuwa nimeficha maneno hayo nyuma ya umbali, na vumbi, na mapafu, kwa miezi minane, na hatimaye yalitoka katika ukumbi mtupu, mbele ya mtu asiyeweza kunisamehe wala kunilaumu. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema tu:

"Na mdogo?"

"Huyo haji."

"Lazima mmoja aje, baba." Sauti yake ilipasuka. "Nimechoka. Mimi nimechoka sana."

Hiyo ndiyo iliyonisogeza. Nilikuwa nikiogopa, sitadanganya. Lakini uchovu ule niliujua. Niliujua kuliko nilivyojua kitu kingine chochote mwaka ule. Nilizunguka mashine mpaka nikawa upande wake wa mbele, nikainua macho.

Sitauelezea uso. Ulikuwa uso wa mtu, na ulifanana na wa binti yangu.

Lakini kwenye mashine hapakuwa na uzi wa akiba. Hapakuwa na kibiringo cha kuzungushia uzi, wala pamba, wala fundo. Nikaona uzi ulikokuwa ukitoka.

Ulikuwa unatoka kinywani mwake.

Alisimamisha panya kwa kiganja. Ukumbi ukawa kimya, kimya cha kuumiza masikio. Akaukata uzi kwa meno, akanishikisha ile mbao. Ilikuwa na joto, kama kikombe kilichotoka mkononi mwa mtu. Tundu la ubavuni lilikuwa limelika na kulainika kwa midomo.

Niliweka wangu.

Nikanyonya.

Kwanza ilikuja chumvi. Kisha mafuta ya mashine. Kisha, nyuma yake, ladha niliyoifahamu: dawa ya kifua ya mke wangu, ile nzito ya rangi ya chungwa, aliyokuwa nayo mdomoni nilipokuwa nikimbusu kabla ya kuzima taa. Nadhani nililia. Uzi ulipita kwenye tundu, ukagusa ulimi wangu, na haukukoma hapo. Ulikwenda chini. Niliuhisi ukipita kooni na kuingia kifuani, taratibu, kama mtu anayeingia chumba anachokijua gizani bila kugonga viti.

Nilipofumbua macho nilikuwa peke yangu. Mashine ilikuwa imesimama. Mwanga wa paani ulikuwa umekwisha.

Bi Zamu alikuwa mlangoni ameshika kitabu kifuani, na machozi yalikuwa yakimteremka bila sauti.

"Nimeandika mwenyewe," alisema. "Kwa mkono wangu, nimeona ninaandika. Amepokelewa."

"Sasa mtoto wangu..."

"Haitwi tena. Maadamu wewe unakuja. Kila jioni, kabla ya mwanga wa jua kwisha. Ukikosa moja, baba, nitafika asubuhi nikute pameandikwa Ameitwa, na unajua ni nani."

"Mpaka lini?"

Alifuta miwani kwa upindo wa gauni, akaivaa, akanitazama.

"Hata yeye alidhani ni zamu moja."

Kisha akasema jambo ambalo nililielewa baadaye, nikitembea. Alisema mtu anapotoka zamu humtazamia wa damu yake. Haamui kufanya hivyo. Moyo unafanya wenyewe. "Kwa hiyo huyo binti asiutie mguu hapa. Hata kukusalimia. Akikanyaga sakafu hii na wewe umechoka, utampa panya mkononi kabla hujajua umefanya nini. Nimeona mama wawili wakifanya hivyo kwa mashine za kawaida."

Langoni nilinyoosha mkono kwenye daftari la wageni nisaini kutoka. Meja alilifunga. Alivua kofia yake, akaishika mbele ya tumbo, na hakuwa na mzaha hata mmoja.

"Wafanyakazi hawasaini hili," alisema.

Nililala kwenye nyumba ya wageni iliyo mtaa wa pili, nimevaa nguo zangu. Asubuhi simu ilinikuta nimekaa kitandani, nikitazama kipande cha uzi mweupe kilichotoka kwenye kikohozi changu cha kwanza. Nilikipima. Sentimita mbili.

"Baba!" Alikuwa anacheka. Nilikuwa nimesahau anavyocheka. "Baba, nimelala usiku mzima. Sijakohoa. Hata mara moja! Nimepanda ngazi mbio kujaribu, jirani anadhani nimechanganyikiwa. Umemwona nani huko, mganga?"

"Ni karani tu. Alikuwa na kumbukumbu."

"Nataka kuziona. Jumamosi nakuja. Nataka nione alipokuwa anasimama mama yake bibi, kabla hawajabomoa kiwanda. Mama alitaka sana, najua. Nije kwa niaba yake."

"Usije."

"Sikuombi ruhusa, mzee," alisema kwa furaha. "Nishachukua siku ya mapumziko kazini."

Nilimjua. Nilimlea. Ningemwambia sakafu ni mbovu angevaa viatu vizito. Ningemwambia ukweli angefika jioni ileile, mbio, kunitoa. Kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho kingemzuia asiutie mguu katika mji huu maisha yake yote, nami nilikuwa nimekwisha kukitafuta na kukipata wakati wa kurudi kwa miguu kutoka langoni, na nilikuwa nimekipima mara mbili.

"Kuna mtu huku," nilisema.

"Mtu gani?"

"Mwanamke. Nitabaki naye."

Kicheko kilikuwa bado kwenye pumzi yake, kikazima polepole.

"Baba, acha utani."

"Si utani."

"Mama ana miezi minane tu kaburini."

"Ni kabla ya hapo," nilisema. "Ni zamani kidogo. Hataki kuonana nawe, na mimi naona ni sawa. Usije, wala usinitafute."

Nilikuwa nimetayarisha majibu. Yuko wapi, anafanya nini, mmejuana vipi. Nilikuwa nayo yote, yamepangwa. Hakuuliza hata moja. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, ya mtoto:

"Mama alijua?"

Nilitazama ukutani. Ningejibu hapana, angekuja, siku moja, mwakani, kunigombeza uso kwa uso.

"Alijua," nilisema.

Nikasikiliza. Nilisikiliza kama nilivyokuwa nikisikiliza mlangoni mwake miezi mitano. Pumzi yake iliingia, ndefu, safi, ikatoka bila kukwaruza popote. Ikaingia tena. Kisha akakata simu.

Nilitoa laini kwenye simu, nikaikunja mpaka ikavunjika. Nikanawa uso, nikashuka kumuuliza mwenye nyumba kama ana chumba cha kupangisha kwa mwezi.